Kwa Nini Pundamilia Hawakuongezeka?

Leo nimekuja na swali, na ninakuomba usilikimbilie jibu. Liache swali kwanza likusumbue.

Mwaka 1961 nyumbu wa Serengeti walihesabiwa kwa ndege wakapatikana kiasi cha 260,000. Mwaka 1977 walikuwa wamefika milioni 1.3. Miaka 16 tu, na kundi limekuwa mara tano. Nyati nao waliongezeka sana katika kipindi hicho. Lakini pundamilia, ambao huongozana na nyumbu katika msafara uleule wa kwenda Mara na kurudi, hula nyasi za mbuga ileile, hunywa maji ya mito ileile, na huwindwa na simba na fisi walewale, wakabaki karibu na idadi yao ya zamani, takriban 200,000. Kwa nini?

Jibu linalomjia mtu upesi ni mvua. Mvua ilinyesha, nyasi zikaota, wanyama wakazaana. Ni jibu zuri, lakini hebu lifuate mpaka mwisho wake. Kama ni mvua, pundamilia naye alipaswa kuongezeka, maana naye anakula nyasi. Basi mvua peke yake haitoshi. Mwingine atasema ni ulinzi: Serengeti ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, wawindaji wakabanwa, wanyama wakapumua. Sawa, lakini mpaka wa hifadhi unamlinda pundamilia kama unavyomlinda nyumbu. Wa tatu atasema labda simba walipungua. Simba anamla pundamilia pia. Kila jibu tunalolileta, pundamilia anasimama mbele yetu na kulikataa.

Sasa tubadilishe namna ya kuuliza. Tusiulize tena ni kitu gani kiliwaongeza nyumbu. Tuulize hivi: ni kitu gani nyumbu na nyati wanacho kwa pamoja, ambacho pundamilia hana? Hapo sihitaji kumwita profesa. Mchungaji yeyote wa huku Tarime, hata kijana wa miaka 10 anayelisha ng'ombe wa baba yake, atakwambia: nyumbu na nyati wana kwato zilizogawanyika na wanacheua. Pundamilia hacheui. Yeye ni wa ukoo wa punda.

Na wazee wetu walikuwa wanaujua ugonjwa mmoja unaowaua wanaocheua na kumwacha punda amesimama zizini. Ugonjwa huo ni sotoka.

Sotoka iliingia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880 pamoja na ng'ombe walioletwa kutoka nje, ikashuka kusini, na kufikia 1890 na 1891 ilikuwa imefika kwetu. Ng'ombe waliisha. Nyati na nyumbu waliisha. Mwaustria Oscar Baumann alipita Ngorongoro na Serengeti mwaka 1892 akielekea Ziwa Viktoria, na aliyoyaandika juu ya njaa ya Wamasai waliopoteza mifugo yanatisha hata leo. Baada ya wimbi lile la kwanza ugonjwa haukuondoka. Ulibaki ukizunguka mwaka hadi mwaka, na katika nyumbu ulikuwa unaua zaidi ndama wa chini ya mwaka mmoja, wale ambao kinga waliyopewa na mama zao ilikuwa imekwisha.

Kuanzia miaka ya 1950 serikali zilichanja ng'ombe pembezoni mwa Serengeti. Huko Muguga, karibu na Nairobi, Walter Plowright na wenzake walikuwa wanatengeneza chanjo bora zaidi, ambayo baadaye ilisaidia kuifuta sotoka duniani kote; tangazo la kwamba imetokomezwa lilitolewa mwaka 2011. Msikilizaji, shika jambo hili: waliochanjwa ni ng'ombe. Hakuna aliyekimbiza nyumbu na bomba la sindano.

Basi tuna dhana: sotoka ilikuwa imewashikilia nyumbu na nyati chini, na ilipoondoka wakapanda. Dhana hii inaelezea pundamilia. Je, tumemaliza? Bado. Mpaka hapa ni hadithi inayopendeza tu. Inapaswa itoe ahadi inayoweza kuvunjika. Kama sotoka kweli iliondoka katika wanyama pori mwanzoni mwa miaka ya 1960, basi damu yao itasema. Mnyama aliyezaliwa wakati ugonjwa upo na akaponea atakuwa na kingamwili za sotoka mwilini. Aliyezaliwa baada ya ugonjwa kuondoka hatakuwa nazo. Watafiti wakapima damu, wakapanga matokeo kwa umri wa mnyama. Wakubwa walikuwa na kingamwili. Waliozaliwa kuanzia karibu mwaka 1963 hawakuwa nazo. Mstari ulikatika mahali pale ambapo dhana ilisema utakatika.

Na hapo ndipo jambo kubwa zaidi lilipojitokeza. Kwa muda mrefu maofisa wa mifugo waliamini kwamba wanyama pori ndio ghala la sotoka, kwamba ng'ombe wakichanjwa nyumbu watawaambukiza upya. Kumbe ilikuwa kinyume. Ng'ombe walipokingwa, ugonjwa ulizimika wenyewe porini. Ghala lilikuwa zizini kwetu.

Mmoja wa walioliunganisha fungu hili la maswali ni Anthony Sinclair, aliyefika Serengeti mwaka 1965 akiwa bado mwanafunzi wa Oxford, akaendelea kuifanyia kazi kwa miongo kadhaa. Ninachokipenda katika kazi yake na ya wenzake ni kwamba hawakuishia kwenye sotoka. Waliuliza: kama nyumbu wameongezeka mara tano, ni nini kingine lazima kiwe kimebadilika? Nyumbu milioni wanakula nyasi nyingi. Nyasi zikiliwa, moto wa kiangazi unakosa kuni. Moto ukipungua, miche ya miti inapata nafasi ya kukua. Kwa hiyo dhana ya ugonjwa wa ng'ombe inatabiri kitu kuhusu miti! Wakatafuta picha za zamani, wakarudi mahali palepale zilipopigwa, wakalinganisha. Moto ulikuwa umepungua, na miti michanga ilikuwa inarudi.

Hapo mtu makini angesimama na kusema: ngoja, labda ni tembo. Wakati huo wengi waliamini kwamba tembo ndio waliomaliza miti ya Serengeti. Na kweli, katika miaka ya 1980 ujangili uliwapunguza sana tembo upande wetu wa Tanzania, kwa hiyo miti kurudi kungeweza kuwa kwa sababu yao. Bahati ilikuwa kwamba kuna mpaka. Upande wa Kenya, Masai Mara, tembo hawakupungua namna ile, na kule miti haikurudi kama ilivyorudi kwetu. Kwa kulinganisha pande mbili za mpaka mmoja, watafiti, Holly Dublin akiwa mmoja wao, wakaonyesha jambo lenye sehemu mbili: moto ndio uliofyeka miti hapo kabla, na tembo wakiwa wengi wanaizuia isirudi. Watu walikuwa wanagombana moto au tembo. Jibu likawa na nafasi ya wote wawili, kila mmoja kwa wakati wake.

Kisha likaja swali la kikomo. Mbona nyumbu hawakuendelea kuongezeka mpaka milioni 3, milioni 5? Walipofika milioni 1.3 walisimama. Dhana iliyosimama imara ni chakula cha kiangazi: kinachoamua ni kiasi cha nyasi mbichi zinazopatikana katika miezi mikavu. Nayo ilitoa ahadi yake: ukija ukame mkali, nyumbu watashuka. Ukame wa mwaka 1993 ulikuja, na idadi ilishuka chini ya milioni moja.

Nimekaa sana na nyumbu, msikilizaji, na nimefanya hivyo kwa makusudi. Ninaamini kwamba hapa mlangoni kwetu pana mojawapo ya mifano mizuri duniani ya jinsi nadharia inavyojengwa, na watoto wa Tarime na Serengeti wanamaliza kidato cha nne bila kuusikia. Wanakutana na nadharia ikiwa imeshapikwa, imeandikwa ubaoni, wanainakili na kuikariri kwa ajili ya mtihani. Hawajui kwamba nyuma ya kila mstari ule palikuwa na tatizo, majibu manne au matano yaliyokuwa yanashindana, na mtu aliyekaa chini kutafuta pundamilia wake wa kuyakataa.

Mwaka uleule wa 1890, sotoka ilipokuwa inatumaliza huku, mwanajiolojia Mmarekani aitwaye Thomas Chamberlin alichapisha katika jarida la Science makala ambayo bado inasomwa. Hoja yake ni kwamba mtafiti mwenye dhana moja huipenda kama mzazi anavyompenda mtoto wa pekee, na akishaipenda haoni tena kasoro zake. Dawa aliyoipendekeza ni kuwa na dhana kadhaa tangu mwanzo, uzilee zote kwa haki, uziache zishindane. Mimi ningeongeza kwamba katika mikoa kama yetu dawa hii inahitajika nje ya maabara pia. Mahindi yakinyauka, ng'ombe akifa ghafla, kisima kikikauka, mara nyingi kijiji kinakuwa na jibu moja kabla jua halijazama, na wakati mwingine jibu hilo lina jina la jirani. Watu wameumizwa kwa majibu ya namna hiyo. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba kujifunza kujenga dhana shindani ni anasa ya wasomi.

Sasa tuione dawa hiyo ikifanya kazi mahali pengine: twende Mugumu, wilayani Serengeti, kwa mbwa.

Kichaa cha mbwa kinajulikana. Mtu akishaanza dalili hakuna tiba. Kinachookoa ni kuosha jeraha vizuri kwa maji mengi na sabuni, kisha kwenda haraka kuchomwa sindano kabla ugonjwa haujaanza. Lakini swali la watafiti lilikuwa jingine: ugonjwa huu unakaa wapi? Serengeti ina mbweha, fisi, simba, nyegere na wengine wengi, na wote wanaweza kuugua. Kama ghala ni porini, kuchanja mbwa wa vijijini ni kupoteza fedha. Kama ghala ni mbwa, kuchanja kutamlinda hata mbweha ambaye hajawahi kuona sindano. Unaona msikilizaji, ni swali la sotoka limerudi likiwa na mkia mwingine.

Mtaalamu wa mifugo Sarah Cleaveland na wenzake waliendesha kampeni ya kuchanja mbwa katika wilaya ya Serengeti kuanzia 1996 hadi 2001, wakilinganisha na maeneo jirani yasiyokuwa na kampeni. Kwa wastani walifikia zaidi kidogo ya asilimia 60 ya mbwa. Baada ya kampeni ya kwanza, ugonjwa katika mbwa ulishuka kwa asilimia 70. Baada ya kampeni ya pili, ulishuka kwa asilimia 97. Watu waliokuja kutafuta sindano baada ya kuumwa wakapungua, na kwa majirani wasiochanja hawakupungua. Uchunguzi uliofuata, pamoja na upimaji wa virusi vyenyewe, ukaonyesha kwamba mbwa wa kufugwa ndio wanaoushikilia ugonjwa huu hapa. Wanyama pori wanaugua, lakini kwao moto hauendelei bila kuni za kutoka kijijini.

Kisha Katie Hampson na kundi lake wakafanya kazi ambayo mimi naiona kuwa ya kupigiwa mfano. Kuanzia 2002 walichukua madaftari ya hospitali na zahanati yenye majina ya watu walioumwa na wanyama, pamoja na kumbukumbu za ofisi za mifugo, wakaenda nyumba kwa nyumba. Mbwa aliyekuuma alikuwa wa nani? Alitoka wapi? Kabla ya kuugua, nani alimuuma yeye? Baada ya kukuuma wewe alimuuma nani tena? Alikufa lini? Wakarudi nyuma, wakaenda mbele, mpaka wakachora ukoo wa ugonjwa, mbwa kwa mbwa. Takwimu zile zimetoka kwenye kumbukumbu za mama aliyekuwa anachambua mboga uani, za mtoto aliyepanda juu ya mti, za mzee aliyempiga mbwa na rungu. Bila wao hakuna nadharia. Nataka hilo lisikike, maana makala hizi huchapishwa mbali, na mtu wa Natta au Issenye anaweza kuishi maisha yake yote asijue kwamba maneno yake yamo ndani.

Mwaka 2009 walichapisha walichokipata. Tangu mbwa aumwe mpaka aanze kuambukiza ni wastani wa siku kama 22. Akishaanza, anaishi siku kama 3 tu. Karibu nusu ya mbwa walioumwa ndio waliougua. Na kwa wastani mbwa mgonjwa mmoja huambukiza mwingine mmoja na kitu kidogo, kuzunguka 1.1 hadi 1.2. Ugonjwa unaotisha hivyo, kumbe unasambaa kwa taabu!

Hapa, mwalimu wa hesabu unayenisikiliza, chukua kalamu. Wagonjwa 10 wanaambukiza 12. Ili ugonjwa ufe, wagonjwa 10 lazima waambukize chini ya 10. Maana yake kati ya wale 12, wawili na zaidi kidogo wawe na kinga. Wawili katika 12 ni sehemu moja ya sita, kama asilimia 17. Ina maana ukichanja mbwa 17 au 18 katika kila 100, kichaa kinapaswa kwisha. Lakini lengo linalopendekezwa duniani ni asilimia 70. Je, wataalamu wanapoteza chanjo?

Usikimbilie jibu. Andika dhana zako. Ya kwanza inayokuja ni kwamba mbwa wa vijijini hawaishi muda mrefu. Tuseme kila mwaka mbwa 40 katika 100 wanakufa na nafasi yao inachukuliwa na watoto wasiochanjwa. Hii ni namba ya mfano wetu tu. Ukianza na 70 wenye kinga, baada ya mwaka mmoja wamebaki 42. Mwaka wa pili 25. Mwaka wa tatu 15, na umeshapita chini ya mstari. Ukianza na 20 badala ya 70, unavuka mstari kabla mwaka haujaisha. Kumbe asilimia 70 ni akiba ya kukufikisha kwenye kampeni ijayo hata ikichelewa.

Dhana ya pili ni kwamba wastani unadanganya. Chukua vijiji 10 vyenye idadi sawa ya mbwa. Saba vimechanja mbwa wote, vitatu havikuchanja hata mmoja. Wastani ni asilimia 70, karatasi ya wilaya inang'aa. Lakini kichaa hakisomi karatasi ya wilaya. Kinaishi katika vile vitatu. Tafiti za baadaye zilionyesha jambo hilohilo: vijiji vinavyorukwa vinauweka ugonjwa hai kwa muda mrefu kuliko unavyotarajia.

Nimeyaweka hayo kwa hesabu ya kuzidisha na kugawanya tu, ili uone kwamba mwanafunzi wa darasa la saba anaweza kuingia ndani ya nadharia hii na kutembea humo. Hakuna kilichomzidi akili.

Na swali gumu zaidi lilijibiwa baadaye. Mwaka 2022, katika jarida la Science, kundi lilelile lilichapisha ufuatiliaji wa miaka mingi wa wilaya ya Serengeti, maambukizi zaidi ya 3,000 katika wanyama. Katika muda wote huo, kati ya mbwa 1,000 hawakufika wawili waliokuwa wagonjwa kwa wakati mmoja. Sasa fikiria: kila mgonjwa anaambukiza mmoja na kitu, na ugonjwa hauzidi kiwango kidogo hivyo. Kwa nini haulipuki? Na kama haulipuki, kwa nini haufi wenyewe? Jibu lao liko katika umbali. Mbwa mwenye kichaa huuma majirani zake wa karibu, mara nyingi walewale ambao wengine wameshawauma, na watu wa hapo wanashtuka, wanafunga au wanaua mbwa. Moto unajizima mahali ulipowakia. Lakini mara mojamoja mbwa mwenye kichaa anakimbia mbali, au mbwa aliyeumwa ambaye bado haonyeshi dalili anabebwa na mwenyewe kupelekwa kijiji kingine, na huko moto mdogo mpya unaanza. Ukitazama wilaya nzima kama sufuria moja, huwezi kuyaona hayo. Ilibidi uwe na jina la kila mbwa.

Kabla hujafikiri kwamba sasa tuna ufunguo wa kila mlango, nikupe simba. Mwanzoni mwa 1994 simba wa Serengeti walianza kuanguka wakitetemeka, mchana kweupe, mbele ya watalii. Takriban theluthi moja walikufa, kama simba 1,000. Ugonjwa ulikuwa distempa, ugonjwa wa virusi unaojulikana zaidi kwa mbwa. Mbwa tena! Basi wachanje mbwa, simba watapona, kama ilivyokuwa kwa kichaa. Dhana hiyo ilikuwa na haki ya kusikilizwa, na mbwa wakachanjwa. Lakini uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba, ingawa mbwa walihusika sana hapo mwanzo, distempa iliendelea kuzunguka miongoni mwa simba hata mbwa walipokuwa wamekingwa. Ugonjwa huu una njia zake porini.

Kulikuwa na jambo jingine. Damu ya simba iliyotunzwa tangu zamani ilipopimwa, ilionekana kwamba distempa ilishapita mara kadhaa bila simba kufa. Kwa nini basi 1994 iliua? Linda Munson na wenzake walitoa jibu mwaka 2008. Ukame wa 1993 uliwadhoofisha nyati, kupe wakajaa juu yao, simba wakala nyati hao kwa wingi wakapata vimelea vya damu viitwavyo babesia kwa kiwango kikubwa. Distempa ilipokuja ikashusha kinga ya mwili, na vimelea vikamaliza kazi. Ukame uleule uliotuonyesha kikomo cha nyumbu, ndio uliowaua simba kwa mlango wa nyuma. Mtu aliyekuwa na jibu moja tu mfukoni, mbwa, asingelifikia hilo.

Hata dhana iliyothibitika ina mahali pake. Magai Kaare, daktari wa mifugo Mtanzania ambaye sasa ni marehemu, alionyesha pamoja na wenzake kwamba kuweka kambi ya chanjo katikati ya kijiji, watoto wakaleta mbwa wao kwa kamba, kunafanya kazi vizuri katika vijiji vya wakulima na wafugaji vya upande wetu wa magharibi. Katika maboma ya wafugaji yaliyotawanyika upande wa Ngorongoro, haitoshi. Lazima uende boma kwa boma. Chanjo ni ileile, mbwa ni walewale, lakini umbali wa kutembea ni mwingine.

Sasa turudi darasani. Mtaala mpya wa shule ulioanza kutumika Januari 2024 unasema mwanafunzi ajifunze kutenda, kuchunguza, kutatua matatizo. Naunga mkono maneno hayo kwa moyo wote. Lakini mtaala ukishuka hadi darasa lenye wanafunzi wengi na vitabu vichache, ni rahisi "kuchunguza" kugeuka kuwa notisi nyingine ya kunakili: hatua ya kwanza, hatua ya pili, hatua ya tatu. Hatua zikitangulia tatizo, mtoto hajui zinamsaidia nini. Tatizo ndilo litangulie, tena liwe la kweli, la hapa, ambalo mwalimu mwenyewe halijui jibu lake lote.

Na matatizo tunayo. Katika vijiji vinavyopakana na hifadhi, tembo wanaingia shambani usiku. Wanaingia shamba hili, jirani wanaliruka. Kwa nini? Ni mahindi yaliyokomaa mapema? Ni njia ya zamani ya kwenda kwenye maji? Ni ukosefu wa mbwa, wa moto, wa watu wanaolinda? Kila dhana inatabiri kitu tofauti kuhusu mashamba gani yataguswa msimu ujao. Darasa likiandika utabiri wake sasa, kabla ya msimu, kisha likasubiri, litajifunza kitu ambacho hakipatikani ubaoni: namna inavyokuwa dhana uliyoipenda inapokataliwa na tembo.

Kwa mwalimu anayetaka kuanza na kitu chepesi, mimi ningechagua mbwa. Chagueni kitongoji kimoja kinachoizunguka shule. Kwa ruhusa ya mwenyekiti wa kitongoji, na kwa kuwauliza wenye mbwa bila kumgusa mbwa hata mmoja, andikeni katika daftari: mbwa wangapi, wana umri gani, wangapi wana kadi ya chanjo na ya tarehe gani. Kabla ya kuhesabu, kila kundi la wanafunzi litaje asilimia ya mbwa waliochanjwa linayoitarajia na sababu yake, liiandike na kuweka sahihi. Kisha hesabuni. Rudini baada ya miezi sita, nyumba zilezile, muulize nani amekufa, nani amezaliwa, nani ameletwa kutoka kijiji kingine. Hiyo safu ya mwisho, ya mbwa walioletwa, msiiache. Na daftari lisiwe la mwalimu anayeweza kuhamishwa. Likae ofisini kwa mwalimu mkuu, na nakala ipelekwe kwa ofisa mifugo wa kata kabla ya siku ya chanjo, ili ajue ni nyumba zipi ataanza nazo.